Langalanga ya Katoro na Mkono Ambao Sikuuona

Mtu akiniambia "nimeona kwa macho yangu", mimi humuuliza kwanza alikuwa amesimama wapi. Msinichukie. Niliishi Katoro, mji wa wachimbaji wa dhahabu, miaka mingi kabla ya kurudi hapa Ngokolo kupumzisha miguu, na Katoro haimlei mtu mwepesi wa kuamini. Kule tulikagua mizani ya dhahabu, tukamkagua anayeishika, kisha tukakagua na viatu vyake. Mwenye karasha ya kusaga mawe akikohoa, watu waliulizana anamkoholea nani. Basi ninyi vijana mnaotangaza mbio kwa simu, mnaonijia na kuniita bibi wa langalanga, nitawaeleza ninachokijua, lakini nanyi nawaangalia kwa jicho la pembeni. Mmoja wenu juzi alinirekodi bila kuniomba. Namjua, na anajijua.

Langalanga, kwa asiyejua, ni mbio za yale magari ya kiti kimoja, magurudumu nje, dereva amelala karibu chali, na juu ya kichwa chake pana upinde wa chuma unaoitwa halo. Wengine husema Fomula Wani. Mimi nilizitangaza kwa Kiswahili, na kwa Kisukuma pale Kiswahili kilipogoma, katika kibanda umiza cha Mzee Athumani, cha kuonyeshea mpira kwa kiingilio, nyuma ya soko. Kibanda chenyewe kilikuwa mabati matupu, mabenchi, runinga mbili, na king'amuzi kilichofungiwa ndani ya kabati la waya. Ufunguo wa kabati Mzee Athumani aliuvaa shingoni. Alikuwa mtoto wa Tanga aliyefuata biashara huku bara, mtu wa swala tano na maneno machache, na hakumwamini yeyote na kile king'amuzi, hata mimi niliyekaa mlangoni pake miaka.

Mlangoni nilikuwa nakata tiketi na kuuza chapati. Ligi za mpira zilipokwenda mapumzikoni, Mzee Athumani akaanza kuwawekea wachimbaji langalanga ili kibanda kisilale. Maelezo yalikuwa ya Kiingereza cha haraka haraka. Watu wakazomea.

"Hawa wanazunguka tu! Wanatafuta nini?"

Nikadakia kutoka mlangoni, "Wanatafuta mlango wa kutokea!"

Kibanda kizima kikacheka. Mzee Athumani akaja kunikabidhi maiki. Mpaka leo sijui kama ilikuwa heshima, au alitaka tu nisikae karibu na sanduku la tiketi.

Siku ya kwanza nilichemsha. Niliona magari yamejipanga mawili mawili, yakaondoka, nikapiga kelele, "Wameondokaaa!" Yakaenda mdogo mdogo, yakiyumba kushoto na kulia. Nikasema madereva wamelewa. Nikasema wanatishana. Watu wakauliza mbona hakuna anayempita mwenzake, nami nikajibu kwa sauti ya mtaalamu, "Wamepangwa!" Kibanda kikalipuka, maana kwa wachimbaji neno hilo ni petroli. Mara magari yakarudi palepale yalipotoka, yakasimama, yakajipanga upya, na mimi nimebaki na maiki mkononi. Ule ulikuwa mzunguko wa kupasha matairi joto, vijana. Tairi baridi halishiki barabara, ndiyo maana wanaliyumbisha gari. Mbio zenyewe huanza pale taa tano nyekundu zinapowaka moja baada ya nyingine, halafu zikazimika zote kwa pamoja. Zikizimika, hapo ndipo upige kelele.

Aliyenieleza hayo ni Fundi Deo, Mkatoliki wa Ushirombo, mtu wa misa ya kwanza kila Jumapili. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi ya kufunga matairi ya malori makubwa ya mgodini, akastaafu, akafungua gereji yake kando ya barabara ya Geita. Siku ile niliyochemsha alikaa benchi la nyuma na hakucheka na wenzake, na hilo ndilo lililonifanya nimshuku. Mbio zilipokwisha akanijia.

"Mama Kulwa, sauti unayo," akasema. "Sasa tafuta na habari."

Nilimuuliza anataka nini kwangu. Akasema hataki kitu. Nikazidi kumshuku, maana Katoro mtu asiyetaka kitu ndiye wa kufungia mlango. Ilinichukua wiki kadhaa kukubali kwamba alikuwa mtu mzima mpweke aliyependa matairi, basi.

Akanifundisha kwa vizibo vya soda juu ya meza ya gereji. Kizibo chekundu ni tairi laini, lina kasi lakini linaisha upesi. Cha njano ni la wastani. Cheupe ni gumu, mwendo wake wa chini kidogo ila linadumu. La kijani ni la manyunyu, la bluu ni la mvua kubwa. Barabara ikiwa kavu dereva analazimika kutumia angalau aina mbili, kwa hiyo lazima aingie piti, yaani kituo cha kubadilishia matairi kilicho ubavuni mwa barabara. Hapo ndipo ujanja ulipo. Mwenzako yuko mbele, unashindwa kumpita. Unatangulia kuingia piti, unatoka na matairi mapya, unakimbia wakati yeye bado anakokota makuukuu. Akija kuingia na kutoka, anakuta uko mbele yake. Wenyewe wanaita andakati. Mimi kwenye maiki niliita "kumzungukia nyuma ya nyumba", na wachimbaji wakaielewa upesi kuliko nilivyotarajia.

Kuhusu bawa tulibishana sana. Gari lina bawa mbele na bawa nyuma, nami bawa nalijua kwa ndege, linapaisha. Fundi Deo akasema hili limegeuzwa, upepo unalikandamiza gari chini ili lisiteleze kwenye kona. Nikamwambia asinifanye mtoto. Akanipakia kwenye pikapu yake, akanipa sinia la bati, akaniambia nilitoe dirishani huku nimelilaza, ukingo wa mbele uwe chini kidogo kuliko wa nyuma. Alipokanyaga mafuta mkono wangu ukagandamizwa kwenye mlango mpaka nikapiga yowe, na sinia likaenda zake kichakani. Tulirudi kulitafuta hatukuliona, na aliyeliokota mpaka leo hajasema. Lakini bawa nikaliamini.

Bendera nilizishika upesi. Njano ni hatari mbele, usimpite mtu. Nyekundu, wote wanasimamishwa. Bluu anaonyeshwa dereva aliyezidiwa mzunguko mzima, kwamba nyuma yake kuna mwenye kasi, ampishe. Nyeusi, umefukuzwa. Ya mirabaraba nyeusi na nyeupe, mbio zimekwisha. Halafu kuna gari la usalama. Ajali ikitokea, gari hilo huingia barabarani, wote wakalifuata kwa foleni bila kupitana, na aliyekuwa ameacha wenzake mbali anajikuta wanapumua kisogoni kwake. Kibandani hilo liliwaumiza sana. Niliwahi kumwona mtu mzima, mwenye wajukuu, anasimama kwenye benchi na kulalamika kwamba jasho la saa nzima limeliwa hivihivi.

Na sikilizeni hili, maana ndilo linalowashinda wengi wenu kwenye simu zenu. Usitazame gari, tazama saa. Pembeni ya runinga pana orodha ya majina na sekunde zinazowatenganisha. Gari unaloliona mbele huenda bado halijaingia piti, na la nne likawa ndilo linaloongoza kwa hesabu. Huenda pia wa kwanza ameadhibiwa sekunde tano, akavuka mstari anashangilia kumbe ni wa tatu. Mimi nilimshangilia mmoja wa namna hiyo mpaka sauti ikakauka, na nilipoambiwa matokeo nilikataa kuyasoma mpaka Mzee Athumani akaja kuyathibitisha mwenyewe.

Sasa nije kwenye ubaya wangu.

Kila timu ina magari mawili na inatafuta pointi za aina mbili, za dereva na za timu. Wakati mwingine inasikika kwenye redio ya timu, dereva anaambiwa ampishe mwenzake wa timu. Wachimbaji walipolijua hilo walifurahi ajabu. Si niliwaambia, walisema, kila mahali kuna mpango. Nami nikagundua kwamba nikitangaza "matairi yamechoka", watu wanatoka kwenda kununua sigara. Nikisema kwa sauti ya chini, "Ndugu zangu, kuna jambo hapa," wanasogea mbele kwenye mabenchi. Ilikuwa tamu, siwafichi. Nikaanza kuona majambo. Dereva akikohoa redioni, jambo. Fundi akikuna sikio, jambo. Fundi Deo alinionya mara mbili, nikamjibu kwamba yeye ni mtu wa matairi na mimi ni mtu wa watu.

Ilikuwa Jumapili, saa kumi na moja jioni, mbio ziko katikati. Aliyekuwa akiongoza akaingia piti. Mjue jinsi kazi ile inavyokwenda. Kila gurudumu lina watu watatu, mmoja ana mashine ya kufungulia na kukazia nati, mmoja anatoa tairi kuukuu, mmoja anaweka jipya. Mbele na nyuma kuna watu wa jeki. Juu mbele ya dereva kuna taa, na ikigeuka kijani, gari linashushwa na kuondoka. Yote hayo yanakwisha kabla hujapiga chafya. Siku ile gari likatoka, na mita chache mbele gurudumu la nyuma kushoto likaanza kucheza. Nati haikuwa imekazwa. Dereva akasimama kando, mbio zake zikaishia hapo. Kamera ikarudi kwa mtu wa mashine, amesimama, ameinamisha kichwa.

"Ametumwa!" nikapiga kelele. "Huyu wa gurudumu ametumwa! Mwone anavyotazama chini! Mtu anayeshika uhai wa mwenzake mkononi, na moyo wake uko kwa jirani! Huyu amekula kitu!"

Kibanda hakikushangilia kama nilivyozoea. Kwenye benchi la katikati vichwa vikageuka kimoja kimoja kuelekea mwisho wa benchi. Pale alikaa mtu aitwaye Luhende. Alisimama, akapita mbele ya magoti ya wenzake, akatoka nje. Mimi nikaendelea kutangaza.

Yule Luhende alikuwa mtu wa winchi. Wachimbaji wadogo wakichimba duara, yaani shimo la kwenda chini, mdomoni huwekwa winchi ya mbao yenye mipini miwili, na watu wawili huizungusha kupandisha mawe na kushusha vitu. Luhende alishika mpini mmoja, na mwenzake Maduhu alishika wa pili, wenye kizuizi cha kamba. Ijumaa, siku mbili kabla ya mbio zile, walikuwa wakishusha matimba, magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke. Gogo likashuka ghafla, likamvunja paja mchimbaji aliyekuwa chini, Masanja. Wakampeleka hospitali, na duara likasimama. Mtaani yalikuwa yanasemwa mawili matatu. Luhende alikuwa mtu wa Kharumwa, na mwenye duara la jirani, aliyekuwa akifuata mwamba uleule wa dhahabu, naye alikuwa wa Kharumwa. Mmoja alidai amewaona wakisalimiana sokoni. Hayo yote mimi nilikuwa sijayasikia, kwa kuwa wikendi nzima nilikuwa najifungia na karatasi zangu za majina ya madereva.

Jumatatu asubuhi niko mlangoni na chapati zangu. Wachimbaji wawili wa duara lile walikuwa kwenye foleni. Luhende akaja.

"Shikamoo, Mama Kulwa."

"Marahaba, mwanangu."

Wale wawili wakatoka kwenye foleni. Mmoja wao, msimamizi wa duara, mtu anaitwa Sospeter, akaniinamia sikioni.

"Mama, ukimuuzia huyu, sisi hutuoni tena. Tumemtenga."

Kutengwa kwetu mnakujua. Mtu hasalimiwi, hapewi moto wa jikoni, haazimwi jembe, hauziwi chumvi. Anaishi kati ya watu kana kwamba amekwisha zikwa. Nikamuuliza Sospeter kwa mnong'ono, "Kafanya nini?"

Akanishangaa. "Si wewe mwenyewe jana ulitufungua macho? Kesho jioni tunamtoa eneo lote. Na atatoka kwa fimbo."

Sasa niwaambieni nilichofanya, na sitakipamba. Sahani ya chapati ilikuwa imejaa mbele yangu, inatoa moshi. Nikamtazama Luhende machoni nikamwambia, "Zimekwisha, baba." Akaitazama sahani. Akanitazama mimi. Akasema asante, akaondoka. Nimekuwa mtu wa dini maisha yangu yote na nimeungama mengi, lakini lile neno "zimekwisha" bado linaniwasha.

Nikafunga chapati, nikaenda gereji kwa Fundi Deo. Nilimsimulia huku nikitaka aniambie kwamba sina kosa. Alikuwa anabandua tairi la trekta, hakuliacha.

"Mkono uliuona?" akauliza.

"Mkono upi?"

"Wa yule wa nati. Mimi nimefunga matairi miaka mingi, Mama Kulwa. Nati isipokaa sawa, mtu ananyoosha mkono. Hata sisi kwa malori tulinyoosha. Nilikuwa benchi la nyuma, runinga ya kulia ilionyesha, lakini ilipita upesi. Sina hakika. Wewe una hakika?"

Sikuwa nimeona mkono wowote. Nilikuwa nimeona kichwa kilichoinama, nikajaza mengine mwenyewe.

King'amuzi cha Mzee Athumani kilikuwa kinarekodi, kwa ajili ya watu waliokuwa zamu. Tulimkuta anatawadha, tukangoja. Alipokwisha kutusikiliza akavua ufunguo shingoni. Tukatazama pale mara ya kwanza, ya pili, ya sita. Mashine imekwama kwenye nati. Mtu anairudisha nyuma, ananyoosha mkono wa kushoto juu, kiganja wazi. Taa inageuka kijani. Mtu wa jeki anaiona taa, anashusha. Gari linaondoka. Yule mtu amebaki na mkono wake hewani. Kisha anaushusha taratibu, na hapo ndipo anainamisha kichwa, hapo tu, pale kamera ilipomkamata na mimi nilipomhukumu.

Nikasema nakwenda kwa Sospeter sasa hivi. Mzee Athumani akanizuia.

"Uliyasema kwenye maiki, Mama Kulwa. Yafute kwenye maiki."

Jumanne saa tisa alasiri tukafungua kibanda, kiingilio bure. Duara lilikuwa bado limesimama, kwa hiyo walikuja wote, Sospeter mbele kabisa. Wengine walikuja na fimbo zao, wameziegemeza ukutani kama miavuli. Luhende hakuwepo.

Nikawawekea pale piti, pole pole. Nikawaambia watazame mkono wa kushoto wa mtu wa gurudumu. Nikawaonyesha unavyopanda, taa inavyowaka juu ya mkono uliokwisha panda, gari linavyoondoka. Nikarudisha, nikawaonyesha tena. Kisha nikasema, "Jumapili niliwaambia huyu ametumwa. Niliwadanganya. Sikuona kitu. Nilisema kwa sababu nilijua mtapenda."

Kelele zilizofuata msiombe kuzisikia. "Kwa hiyo mengine yote ulitupiga?" "Rudisha tiketi zetu!" "Na yule wa sekunde tano?" Kuna aliyesema nimehongwa na Luhende, na mwingine akasema nimehongwa na mtu wa gurudumu mwenyewe. Nilisimama, sikujitetea. Nilistahili.

Fundi Deo ndiye aliyeokoa. Alisimama nyuma akauliza kwa sauti yake ileile ya gereji, "Na huyu wa jeki, je? Ndiye aliyeshusha gari. Tumpige huyo?"

"Huyo kaona taa," mtu akajibu. "Angefanyaje?"

"Basi naye hana kosa?"

"Hana. Kaambiwa ashushe, kashusha."

Hapo katikati ya benchi Maduhu, yule mshika mpini wa pili, akajishika kichwa kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mzima, mwili mkubwa, na sauti iliyomtoka ilikuwa ndogo.

"Luhende alinyoosha mkono," akasema. "Ijumaa. Fundo lilikuwa halijakaa, na chini kamba ilikuwa haijatikiswa kuashiria kwamba Masanja amekaa pembeni. Akanyoosha mkono. Mimi niliuona. Halafu nikasikia 'achia', nikaachia."

"Nani alisema achia?" Fundi Deo akauliza.

Macho ya Maduhu yalikwenda mbele, na ya wenzake yakafuata. Sospeter akasimama.

"Bhebe, wewe Maduhu! Mimi nilikuwa na simu sikioni! Mwenye duara alikuwa ananipigia, ananihimiza! Nilidhani kamba imetikiswa!"

"Mkono uliuona?" nikamuuliza, na maiki ilikuwa bado inawaka.

"Nilikuwa nimewapa mgongo," akasema. Baada ya hapo akakaa. Mtu mmoja akaenda ukutani akachukua fimbo yake, nikadhani sasa yameanza upya, kumbe alikuwa anakwenda nyumbani. Wengine wakamfuata.

Ninyi vijana mtataka nimalize hapo, maana ni pazuri. Duara lilifunguliwa, paja la Masanja likapona ingawa anachechemea, Sospeter akaacha kushika simu mdomoni mwa shimo. Niliendelea kutangaza miaka mingine kadhaa. Nasikia siku hizi hata lile bawa la nyuma lililokuwa likifunguliwa ili kumpita mwenzako wamelibadilisha, mtajifunza wenyewe. Kibanda kilijaa tena, ila kila niliposema jambo, palikuwa na mtu wa kuuliza, "Umeona, au unahisi?" Nilizoea. Ninawaomba nanyi mtafute mtu wa kuwauliza hivyo, na msimchukie.

Lakini siku ileile ya Jumanne, kibanda kilipobaki kitupu, nilikwenda kambini kumtafuta Luhende. Nilimkuta nyuma ya turubai anafunga begi. Nilimweleza yote, Maduhu alivyosema, Sospeter alivyokaa, kwamba wenye fimbo wamekwenda nyumbani na anaweza kurudi kwenye winchi. Alinisikiliza huku akikunja shati. Nikamwomba msamaha, kwa maiki na kwa chapati. Akasema nisijali, na alivyolisema hilo nikajua harudi. Hasira ikanishika, ile hasira ya mtu mwenye kosa, nikamwambia, "Lakini na wewe, baba! Ungewaambia mapema kwamba ulinyoosha mkono, yote haya yasingefika hapa. Ulinyamaza kwa nini?"

Luhende akavuta zipu ya begi mpaka mwisho.

"Yaya, hapana, Mama. Sikunyamaza," akasema. "Ijumaa niliwaambia, palepale mdomoni mwa duara. Jumamosi nikarudia, na wengine walikwisha anza kunielewa. Jumapili ukasema wewe."